Kikombe cha Siku ya Mfano

Ilikuwako nchi moja ambayo msomaji hataikuta kwenye ramani, kwa hiyo asijisumbue kuitafuta, na akihisi kwamba amewahi kuishi humo, hilo ni jambo lake na moyo wake. Iliitwa Dola ya Siha. Raia wake walikuwa na afya njema kuliko raia wa nchi zote, na ushahidi ni kwamba serikali ilitangaza hivyo kila Ijumaa kwa tarumbeta. Wasiokuwa na afya njema walikuwa wameshazikwa, na maiti hapigi kura wala halalamiki.

Siri ya afya hiyo ilikuwa kitabu. Kiliitwa Mwongozo, kilikuwa na vifungu arobaini, na kilitungwa na Baraza la Matabibu katika vikao vya miaka kumi na miwili ambavyo havikuhudhuriwa na mgonjwa hata mmoja, ili kuepuka upendeleo. Mwongozo ulifundisha kwamba mwili ni nyumba na ugonjwa ni mgeni asiye na haya, na mgeni wa namna hiyo hutolewa kwa mlango ulio karibu. Mwenye homa alitolewa damu vikombe vinne, na homa ikikaidi, vinne vingine. Hakuna homa iliyowahi kushinda vikombe kumi na viwili. Mwenye kikohozi alifungiwa chumbani akafukizwa moshi wa pilipili mpaka anyamaze. Mwenye upele alipakwa zebaki, na meno yakimdondoka aliandikwa kuwa amepona upele. Mzima akipita karibu na ofisi za Baraza kwa bahati mbaya, alirudi nyumbani na ruba wawili shingoni, kwa tahadhari.

Lakini fahari ya Mwongozo ilikuwa Kifungu cha Saba, kilichohusu tumbo la kuendesha. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa kila nyumba katika Dola, kwa kuwa mitaro ya vyoo vya Baraza ilipita juu ya visima vya mji, jambo ambalo halikuwa na kifungu. Kifungu cha Saba kiliamuru mgonjwa anyweshwe haluli asubuhi, mchana na jioni, ili tumbo liendeshe mpaka lichoke lenyewe. Na maji yalikatazwa kwa siku tatu. Hoja ilikuwa wazi kwa kila msomi: kinachomtoka mgonjwa ni maji, basi anayempa maji anaupelekea ugonjwa silaha. Askari wa siha walifika kila nyumba yenye mgonjwa wakiwa na mshumaa na kijiti cha lakiri, wakauziba mtungi wa maji, wakapiga muhuri wa Dola juu ya nta, wakaondoka na kata ya kuchotea.

Mashavu aliyajua haya yote kwa karibu zaidi kuliko watu wengine, kwa sababu alikuwa mpishi wa Tabibu Mkuu.

*

Tabibu Mkuu aliitwa Mwinyikai. Ndiye aliyekiandika Kifungu cha Saba kwa mkono wake, akiwa na tumbo zuri. Alikuwa mtu wa kanzu nyeupe na sauti nzito, na alipokuwa akiomba chumvi mezani ungedhani anafungua bunge.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, tumbo la kuendesha lilimshika Tunu, binti wa pekee wa Mashavu, mwenye umri wa miaka sita, mtoto ambaye alikuwa hajui kunyamaza. Askari wakaja asubuhi ile ile, wakautia mtungi lakiri, wakamnywesha haluli. Siku ya pili macho yalikuwa yameingia ndani na maneno yamekwisha. Mashavu akaona jambo. Mvua ilipovuja, mtoto akainyonya ncha ya kanga iliyolowa, na baada ya muda mfupi akafumbua macho, akauliza paka wa jirani amezaa wangapi. Kanga ilipokauka, akafumba tena.

Mashavu akambeba mgongoni mpaka kwa bwana wake. Akampigia magoti, akamweleza alichokiona, kwamba mtoto akipata unyevu kidogo anarudi, akikosa anakwenda. Mwinyikai alikuwa anakula papai. Alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu, kisha akafuta vidole.

"Mashavu," akasema, "kuona si elimu. Ungekuwa umesoma, ungejua kwamba hicho ulichokiona hakipo. Mtoto anayefumbua macho kwa maji anafumbua kwa mshtuko. Na mama anayemwona mwanawe amepata nafuu bila dawa, hiyo ni dalili mojawapo ya akina mama, ina kifungu chake."

Kisha, kwa kuwa alikuwa mkarimu kwa watumishi wake, akaagiza haluli ya akiba ya ofisini na akamnywesha Tunu kwa mkono wake mwenyewe, vijiko viwili. Mtoto alikufa kabla ya magharibi. Ofisi ikatoa cheti, na juu ya cheti muhuri wa buluu uliosema AMEKUFA KWA UTARATIBU, ambao ulikuwa heshima kubwa, kwani waliokufa bila utaratibu familia zao zilifungwa. Mashavu akapewa ruhusa ya msiba ya nusu siku. Aliomba siku nzima, karani akamwonyesha kwa upole kwamba siku nzima ni ya marehemu aliyefika umri wa kubalehe.

Watu walidhani kilichokuwa kinamla ni kifo. Kifo kilimla, ndiyo. Lakini kilichomla zaidi ni kwamba lakiri ni nta tu. Angeibandua kwa ukucha. Alikuwa peke yake na mtoto na mtungi kwa muda mrefu asubuhi ile ya pili, mlango umefungwa, na alitii. Alitii kwa sababu kila mwaka, kwa miaka tisa, alikuwa akiona mji mzima ukimpigia Tabibu Mkuu makofi, na ingawa yeye peke yake alijua kwa nini hastahili makofi hayo, makofi ya watu wengi humchanganya hata anayejua.

*

Sasa lazima nieleze alichokuwa anakijua.

Kila mwaka Dola iliadhimisha Siku ya Mfano. Raia wote walikusanyika uwanjani, na Tabibu Mkuu alipanda jukwaani akanywa, mbele ya macho yao, kikombe kikubwa cha shaba kilichojaa haluli, dozi ya watu watatu. Alikinywa chote, akakunja uso, akatabasamu, akahutubia saa mbili nzima bila kushika tumbo. Wazazi waliokuwa na mashaka waliona aibu. Kama mzee wa makamo anakunywa kikombe na anahutubia, mtoto wao ni nani hata asimalize kijiko?

Ndani ya kikombe kulikuwa na maji ya ukwaju, asali na tangawizi kidogo. Mashavu ndiye aliyeyatengeneza, jikoni, mlango ukiwa na komeo, baada ya kuapishwa kwamba akisema atakatwa ulimi. Hata matabibu wenzake Mwinyikai hawakujua. Waliamini kabisa, na imani yao ndiyo iliyomfanya asiwaambie. Kila mwaka, wiki moja kabla, alisimama mbele ya kioo akifanya mazoezi ya nyuso mbili, uso wa uchungu na uso wa ushindi, na akamwita Mashavu aje kumwambia kama uchungu unaaminika. Mashavu alikuwa akimwambia unaaminika.

Mwaka ule pia alimwita. Tunu alikuwa na miezi kumi na moja kaburini. Mwinyikai akakunja uso kwenye kioo, akauliza kama ameuzidisha.

"Hapana, bwana mkubwa," akajibu. "Mwaka huu utaaminika kuliko miaka yote."

Asubuhi ya Siku ya Mfano alisimama jikoni, mkono wa kulia una ukwaju, mkono wa kushoto gudulia la haluli. Alijiuliza kama analotaka kufanya ni kosa. Karatasi iliyobandikwa kwenye kikombe ilisema haluli. Tangazo la mji lilisema haluli. Sheria ya nchi ilisema haluli. Kwa miaka tisa alikuwa akiivunja sheria kila mwaka siku kama hiyo, na sasa aliamua kuwa raia mwema. Akakijaza kikombe mpaka ukingoni. Alikuwa na hasira iliyotulia, ile ambayo mtu anaweza kupika nayo.

*

Mwinyikai alipanda jukwaani kwa ngoma na tarumbeta.

"Ndugu raia," akasema, "wapo wanaonong'ona kwamba dawa ya serikali ni kali. Ukali ni nini? Ukali ni upole ambao bado haujaeleweka. Na kiu je? Kiu ni tamaa. Mimi sijawahi kuona mtu aliyekufa kwa kiu ambaye hakuwa na kasoro nyingine."

Watu wakapiga makofi. Akakiinua kikombe kwa mikono miwili, akapiga funda la kwanza kubwa kama kawaida yake, na hapo akafanya uso wa tatu, ambao hakuufanyia mazoezi.

Angeweza kutema. Lakini kutema dawa ya serikali hadharani kulikuwa uasi, Kifungu cha Thelathini, miaka mitano kwenye machimbo ya chumvi, nacho pia alikiandika yeye. Angeweza kusema kwamba kikombe kimekosewa, lakini mtu wa kwanza angeuliza, kimekosewa vipi, haluli si haluli? Watu elfu nane walikuwa wanamtazama kwa upendo. Naibu wake, Tabibu Pandu, kijana aliyekariri Mwongozo wote kutoka mwanzo hadi mwisho na kutoka mwisho hadi mwanzo, alikuwa anatokwa na machozi ya fahari. Mwinyikai akameza. Akameza tena. Akakimaliza kikombe chote, macho yakimtafuta mtu mmoja tu katika umati, na akampata. Mashavu alikuwa anapiga makofi kama wengine.

Hotuba ya saa mbili ilimalizika kwa dakika nane. Msafara wa kumrudisha nyumbani ulianza kwa mwendo wa heshima na ukamalizika kwa mbio. Yaliyotokea njiani sitayaeleza, kwa kuwa kanzu ilikuwa nyeupe.

*

Ugonjwa mkubwa wa mtu mkubwa ni jambo la taifa. Kabla ya adhuhuri Tabibu Pandu alishafika na askari wa siha, na kwa mapenzi makubwa wakatia lakiri mitungi yote sita ya nyumba ile, birika la kuogea, na chombo cha maua. Mashavu aliwashikia mshumaa.

Mwinyikai alisema kwamba haumwi, ni uchovu wa jua. Pandu akaufungua Mwongozo, akasoma kwa sauti ya kubembeleza kwamba mgonjwa anayekana ugonjwa yuko katika hatua ya pili, Kifungu cha Tisa, na akamnywesha haluli. Jioni akamnywesha tena. Siku ya pili asubuhi Tabibu Mkuu, midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi, akamshika naibu wake mkono na kumwambia kweli. Akamwambia habari za ukwaju na asali, miaka yote tisa. Akamwambia kwamba haluli haitibu kitu, kwamba yeye hajawahi kuinywa na asingeinywa kwa hiari, na kwamba anaomba maji, hata nusu kikombe.

Pandu alilia. Alilia kwa sababu hajawahi kumwona mgonjwa anayefuata Mwongozo kwa ukamilifu namna ile. Kifungu cha Kumi na Moja: mgonjwa akianza kuitukana dawa na kuomba maji, amefika hatua ya tatu, dozi iwe mara mbili.

"Hata katika maumivu, mwalimu," akasema, "bado unatufundisha."

Hata hivyo, kwa kuwa aliyekuwa anaitukana dawa ni Tabibu Mkuu, Baraza lililazimika kukaa. Matabibu saba wakaja nyumbani kwake, pua zimefunikwa kwa leso zenye marashi, wakakubaliana kwamba kikao ni cha siri na neno lolote litakalosemwa humo halitatoka. Mwinyikai akasema kwamba anaye shahidi. Wakamwita mpishi. Kisha wakaenda sebuleni kumchagua mwenyekiti wa kikao, kazi ambayo haikuwa nyepesi kwani wagombea walikuwa saba na wapiga kura ni wao wenyewe, na Mashavu akabaki chumbani na mgonjwa.

Alimtazama. Alikuwa akilingoja jambo hili mwaka mzima na sasa lilipokuja aliliona vizuri: macho yaliyoingia ndani, ngozi ya mkono ambayo ukiifinya inabaki imesimama. Alizijua dalili hizi moja moja. Hakuwa na huruma, na alishangaa jinsi kutokuwa na huruma kulivyo kwepesi.

"Mama," Mwinyikai akanong'ona. Hakuwahi kumwita hivyo. "Waambie kweli. Ukiwaambia, nitapona, na nikipona nitakifuta kifungu. Naapa. Hakuna mtoto mwingine atakayenyimwa maji."

Hapo Mashavu alisita, na nisingependa mtu adhani hakusita. Mtaani kwake kulikuwa na watoto wanne waliotiwa lakiri wiki ile. Aliwajua kwa majina. Kama mtu huyu akiishi na akatimiza neno lake, huenda wakanywa. Akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda.

"Unamkumbuka mwanangu?" akauliza.

"Namkumbuka sana," akasema Mwinyikai. "Nilimhudumia kwa mkono wangu. Sijamsahau hata siku moja."

"Aliitwa nani?"

Mgonjwa akatafuta. Unaweza kumwona mtu anavyotafuta. Macho yalikwenda darini, yakarudi mlangoni, yakapita juu ya leso, mishumaa, mihuri, vifungu vyote arobaini alivyovitunga, na hakuna mahali palipoandikwa jina hilo.

"Alikuwa mvulana hodari," akasema.

Mashavu akainuka, akakiweka kigoda mahali pake.

Wale saba wakarudi wakiwa na mwenyekiti. Mwenyekiti, ambaye alikuwa Pandu, akamwapisha mpishi, akamtaka aseme mbele ya Baraza, kikombe cha Siku ya Mfano, kwa miaka yote tisa ambayo yeye amekiandaa, kilikuwa na kitu gani ndani yake.

"Haluli, waheshimiwa," akasema Mashavu. "Miaka yote. Na alikuwa akiomba aongezewe."

*

Mwinyikai alikufa kwa utaratibu siku ya tatu, saa chache kabla ya lakiri kubanduliwa kwa mujibu wa sheria, na muhuri wake ulikuwa wa dhahabu. Nchi iliomboleza wiki tatu. Wahutubiaji walisema kwamba dawa iliushinda nguvu ugonjwa wake kabisa, ila yeye ndiye hakuwepo kuona. Mashavu alirudi nyumbani mchana ule, akajitupa kitandani na viatu, akalala usingizi mzito mpaka jua likatua. Sitamwombea radhi.

Watoto wanne wa mtaani kwake, wawili walikufa. Aliwahesabu hao pia. Aliwahesabu kwa Mwinyikai, kisha siku nyingine akawahesabu kwake mwenyewe, na hesabu hiyo haikuwahi kumtoka.

Mwaka ukazunguka. Tabibu Mkuu mpya alikuwa Pandu, na wiki moja kabla ya Siku ya Mfano aliingia jikoni, yeye mwenyewe, bila walinzi. Alikuwa amekonda. Alizungumza juu ya hali ya hewa, akasifu usafi wa sufuria, akauliza bei ya ndizi. Kisha akafunga mlango.

"Bi Mashavu," akasema, "marehemu mwalimu alisema maneno fulani juu ya ukwaju."

"Alikuwa hatua ya tatu, bwana."

"Ndiyo. Nilimwona. Niliona yote yaliyomtoka. Sasa mama yangu, mwaka huu, kile kikombe... kwani hakuna namna?"

Mashavu alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Akamwambia kwamba yeye ni mpishi tu, hajasoma, anapika kama ilivyoandikwa. Ikiwa imeandikwa haluli, ataweka haluli, dozi ya watu watatu, na askari waje na mshumaa kabisa ili kuokoa muda.

Pandu akauliza, "Na isipoandikwa?"

"Wanaoandika ni nyinyi, bwana. Futeni kila mnachoogopa kunywa."

Akatoka bila kuaga. Kesho yake asubuhi Baraza likakaa kikao cha dharura, na kwa kuwa Pandu alikuwa amewakumbusha wenzake kwamba cheo cha Tabibu Mkuu huzunguka, na kila mmoja wao siku moja atafikiwa na kikombe, hakuna aliyebisha. Kifungu cha Saba kilikuwa cha kwanza kuondoka. Cha Tisa kikafuata, na cha Kumi na Moja, na damu, na moshi, na zebaki. Ilipofika adhuhuri Mwongozo wenye vifungu arobaini ulikuwa umebaki na vitatu, kimoja kikihusu mavazi. Tarumbeta zikapigwa. Mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza kwamba Baraza la Matabibu, baada ya utafiti wa muda mrefu na wa kujitolea mno, limegundua maji.

Wanawake walitoka nje na watoto wao. Wengine walicheka, wengine walikaa chini barabarani wakalia kwa sauti, kila mmoja akitaja wake. Mashavu alisimama mlangoni pake akisikiliza, na jirani yake akamshika mkono akamwambia tushukuru, jambo kubwa limefanyika leo.

Mashavu hakuweza kushukuru. Moyo ulikuwa unamwaka upya, kuliko siku ile ya kikombe, kuliko hata siku ya kanga kukauka. Alikuwa amefikiri kwamba kifungu ni kitu kizito, kitu cha elimu na miaka, ambacho watu wakubwa hata wakitaka hawawezi kukisogeza kwa wepesi. Na walikuwa wamekifuta kabla ya chakula cha mchana.